Abdilatif alishika vina, Kezilahabi akavitupa: nani aliandika kweli yake?

*Diwani mbili zilizotoka Nairobi mwaka 1973 na 1974 zinasimama pande mbili za mjadala ambao haujapoa hadi leo. Mwandishi chipukizi anayejiuliza kama maandishi yake ni yake kweli ana mengi ya kujifunza humo.*

Karatasi ilikuwa ya chooni. Mwandishi alikuwa kijana wa Mombasa, mfungwa wa kisiasa katika gereza la Kamiti, Nairobi, aliyetengwa peke yake chumbani na kunyimwa kalamu na daftari. Aliandika kwa siri, akaficha alichoandika, na mwishowe mashairi yale yakavuka kuta za gereza.

Kosa lililompeleka humo lilikuwa maandishi pia. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Ndani yake aliikosoa serikali ya Mzee Jomo Kenyatta kwa namna ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Mwaka 1973 tawi la Nairobi la Oxford University Press likachapisha mashairi ya gerezani kwa jina *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi.

Mwaka huohuo wa 1974, katika jiji hilohilo, kampuni ya Heinemann ilitoa diwani ya mwalimu kijana kutoka kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Jina lake Euphrase Kezilahabi, na kitabu chake ni *Kichomi*. Aliyezoea mashairi ya Kiswahili alipokifungua, macho yalitafuta kina cha kati yasikione. Mishororo ilikuwa mingine mirefu, mingine neno moja au mawili. Hakuna mizani iliyohesabiwa.

Mmoja alishika kanuni zote za wazee wake. Mwingine alizitupa. Nimevisoma vitabu hivi viwili tena kwa ajili ya makala haya, na ninaamini kwamba vyote viwili ni vya kweli kupita sehemu kubwa ya yale yanayochapishwa leo kwa vina au bila vina. Ikiwa hivyo ndivyo, uhalisi wa mwandishi unatoka wapi?

Swali lililorudi

Si swali la darasani tu. Uandishi wa kubuni kwa Kiswahili sasa una tuzo zenye fedha na heshima. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, hupokea miswada ya riwaya na mashairi kutoka pande nyingi. Tanzania nayo ilitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Vijana wanaandika, tena wengi.

Wakati huohuo programu za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, zimeingia kwenye simu za vijana haohao. Ukiiomba ikupe beti nne za tarbia kuhusu mama, utapata beti nne kabla hujameza mate. Leo mizani inaweza kupinda hapa na pale. Kesho itanyooka. Kwa hiyo anayedhani ubora wa shairi ni kuhesabu silabi, na anayedhani ni kutohesabu, wote wawili watapata shida kueleza kwa nini mtu bado anahitajika.

Kanuni zilitoka wapi

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Yaliyokuwa yakijulikana kwa masikio yakapata kitabu. Tarbia iliyozoeleka ina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na vina katikati na mwishoni.

Sheria hizo hazikuanzia kwenye kitabu. Washairi wa Pwani walikuwa wakitunga kwa mpangilio tangu karne nyingi nyuma. Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, ilijibizana kwa mashairi wakati wa uhasama wake na Lamu na watawala wa Oman. Shairi lilikuwa hoja ya kisiasa yenye ncha, mtu analirusha na mwenzake analidaka. Baadaye magazeti yakaupokea utamaduni huo. *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lilikuwa uwanja wa malumbano ya washairi kutoka miji iliyo mbalimbali.

Ndipo ikaja miaka ya sabini. Wanajadi walisema asili ya shairi ni wimbo, na kisichoimbika kwa vina na mizani ni nathari iliyokatwakatwa. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema wanaozikimbia kanuni wamezikimbia kwa sababu hawaziwezi. Wanamageuzi walijibu kwamba vina na mizani ni pambo la namna moja ya ushairi, wala si roho ya ushairi wote. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi waliitetea hoja hiyo katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, kilichotoka 1979. Mulokozi, mtu wa Kagera, alikuja kuzichunguza kwa kina tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi iitwayo nanga. Alijua kwamba bara kulikuwa na ushairi mkubwa usiojua kina cha kati.

Jumanne Mayoka aliipa diwani yake jina lililobeba hali yenyewe: *Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka*.

> Mzozo ulionekana kuwa wa silabi. Chini yake kulikuwa na swali la nani mwenye lugha.

Tuwe waadilifu kwa pande zote. Mtu wa Lamu au Mvita aliyerithi ushairi kwa babu, mwenye tenzi za karne ya kumi na nane kwenye makabati ya ukoo, aliposikia watu waliojifunza Kiswahili shuleni wakisema vina si lazima, alisikia kama anapokonywa nyumba. Na mtu wa bara aliyeambiwa kwamba hisia zake si ushairi mpaka zipite kwenye tundu la nane kwa nane, alisikia kama anazuiwa mlangoni katika nyumba ambayo taifa lilimwambia ni yake pia. Maumivu ya wote wawili yalikuwa halali.

Kamiti

Mara nyingi Abdilatif huwekwa kwenye kundi la wanajadi, basi, na mjadala unaishia hapo. Kumweka hivyo ni kumpunja. Alilelewa ndani ya ushairi. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye *Malenga wa Mvita* ambaye diwani yake ilitoka 1971. Kwa kijana huyu bahari za ushairi zilikuwa namna ya kufikiri. Alipotaka kuibishia serikali akiwa kifungoni, hakuhitaji kutafuta umbo. Umbo lilikuwa limemkaa kinywani tangu utotoni, na lilikuwa umbo la ubishi.

Nina dhana yangu hapa, nayo ni dhana ya msomaji. Mtu aliyenyimwa karatasi anahitaji maneno yanayoweza kukaa kichwani ikiwa askari watapekua chumba na kuchukua kila kitu. Ubeti wenye vina hukaa. Kila kina kinaita mwenzake, na mizani inakwambia papo hapo kama umesahau neno. Kanuni ambazo kijana wa leo anaziona kama pingu, kwa mfungwa yule zingeweza kuwa ghala la pekee ambalo hakuna bwana jela mwenye ufunguo wake.

Tena hakutunga kwa Kiswahili sanifu cha ofisini, kile kilichosimikwa juu ya lahaja ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha tangu 1930. Alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambamo nchi ni nti na njia ni ndiya. Mchapishaji mwenye jicho la soko angeweza kumwambia anyooshe maneno ili kitabu kisomeke Dodoma na Kisumu. Angenyoosha, tungepata mashairi mengine, ya mtu mwingine.

Soma “Siwati”, shairi la mtu anayekataa kuacha msimamo wake. Soma “Mamba”, ambamo mnyama wa mtoni anasimama badala ya mwenye nguvu. Hakuna mshororo unaoomba huruma. Mambo yenyewe ni ya kifungo na ukaidi, lakini kuna utulivu wa mtu anayejua anazungumza na nani na kwa sababu gani. Aliposhtakiwa kwa waraka wake alikuwa ameulizwa mahakamani kuhusu maneno yake. Mashairi yaliyofuata yanasomeka kama ya mtu aliye tayari kuulizwa tena.

Ukerewe

Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alikipata shuleni na seminarini, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alirudi kufundisha. Kabla ya *Kichomi* alikuwa tayari ameandika riwaya ya *Rosa Mistika*, iliyotoka 1971.

Riwaya hiyo inafungukia kwao. Kijiji cha Zakaria, baba mlevi na mkali, na Regina mkewe, na Rosa binti yao, ni Namagondo. Mwandishi hakubuni kijiji chenye jina la mfano kama Kijiji cha Maendeleo. Alitaja kwao. Kisha akaeleza jinsi msichana aliyefungiwa mno na baba anavyoangukia mikononi mwa wanaume wenye vyeo waliopaswa kumlinda anaposoma, tena akaeleza bila kufumbafumba. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni. Miaka ilipopita kikarudi, kikafundishwa.

Alipogeukia ushairi, mtu huyu angeweza kutunga tarbia. Alikuwa mtafiti wa fasihi, na tasnifu yake ya uzamili ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Alizijua kanuni na alimheshimu mzee. Lakini angezitumia, angekuwa anazungumza kwa sauti ya mgeni mwenye adabu sebuleni mwa watu wa Pwani. Aliamua kuuleta ushairi karibu na maongezi ya kila siku, na hilo lilimpa nafasi ya kusema alichokuwa nacho: shaka, uchungu wa msomi aliyetoka kijijini asirudi kamwe kikamilifu, hofu ya maisha yasiyo na jibu.

Walikuwepo waliosema shaka hiyo ameiokota Ulaya, kwenye vitabu vya Wafaransa Camus na Sartre. *Kichwamaji*, riwaya yake nyingine iliyotoka 1974, ilisomwa hivyo sana. Kwamba aliwasoma Wazungu ni wazi. Sioni kosa. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu katika *Kichwamaji*, ana maradhi ya mtu aliyesomeshwa kwa jasho la watu wa kijiji na sasa hawezi kuzungumza nao. Tanzania ya miaka ile ilikuwa na vijana wengi wa namna hiyo, na hawakuhitaji kwenda Paris kuambukizwa.

> Aliyezitupa kanuni alikuwa amezisoma kwanza. Wengi waliomfuata waliruka hatua hiyo.

Hakutulia hapo. *Karibu Ndani* ilitoka 1988, kisha *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991, vitabu vyembamba kama ndoto, vinavyowasumbua hata walimu. *Dhifa* ikafuata 2008. Alifariki Januari 2020, na hakuwahi kuandika kitabu cha kumpendeza aliyemkosoa.

Si lazima yawe yalikupata

Kuna ushauri unaorudiwa katika kila warsha ya uandishi: andika unachokijua. Ni ushauri mzuri wenye mtego ndani yake. Vijana wengi wameuelewa kuwa waandike maisha yao tu, na maisha yao yakiisha, uandishi nao unaisha.

Mtazame Adam Shafi. *Kuli*, kilichochapishwa 1979, kinahusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao mkubwa wa mwaka 1948. Shafi alizaliwa 1940. Mgomo ule ulipotokea alikuwa mtoto wa miaka minane. Hakubeba gunia gatini wala hakuhutubia wagomaji. Hata hivyo ukimsoma unaona mgongo wa mchukuzi, unaona karani mwenye daftari, unaona mke anayesubiri posho. Alifanya kazi ya kuwajua watu wale. Kezilahabi naye hakuwa msichana, lakini alimwandika Rosa.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa kama jambo lilikupata wewe. Kipimo ninachokipendekeza ni kama unaweza kulijibia. Mchukuzi mzee wa bandarini akikusimamisha barabarani na kukuuliza, “Hili umelitoa wapi, na kwa nini umenisema hivi?”, je, una la kumwambia? Shafi alikuwa nalo.

Vyeti navyo si kipimo. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933, hakupita shule ya serikali na alifanya kazi za baharini. Diwani yake, *Kimbunga*, ilitoka 1994 na imesomwa na wanafunzi ambao wengi hawajawahi kukanyaga ngalawa. Hakuna aliyewahi kumwomba vyeti.

Kamati iliyokaa begani

Kinachoua sauti ya mwandishi wetu leo, kwa maoni yangu, ni kamati kuliko mashine. Soko la uhakika la kitabu cha fasihi Afrika Mashariki ni shule. Kamati ya uteuzi ikikichagua kitabu, kinauzwa kwa maelfu. Kisipoteuliwa, kinakaa ghalani. Mwandishi analijua hilo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, na kamati inakuja kukaa begani mwake bila kualikwa.

Matokeo yake tunayaona. Mtihani unauliza dhamira, basi mwandishi anaanza na dhamira: rushwa ni mbaya, elimu ni nzuri kwa mtoto wa kike, ulevi huvunja nyumba. Kisha anatafuta watu wa kuzibeba, kama mtu anayekodi mikokoteni. Mlevi anaingia akiwa mlevi na anatoka akiwa mlevi. Mwalimu mkuu hana jina la utani, hana deni dukani, hana wimbo anaoupenda. Tusisahau kwamba *Rosa Mistika* ina dhamira zote ambazo mtunga mitihani angezitaka, na bado wakubwa waliiogopa, kwa sababu watu waliomo ni watu.

Mashairi nayo yana maradhi yake. Katika kurasa za magazeti bado kuna tarbia zisizo na kosa hata moja la mizani na zisizo na jambo hata moja la kusema. Mitandaoni kuna mashairi huru ambayo uhuru wake ni kubonyeza kitufe cha kushuka mstari. Wa kwanza anajificha nyuma ya Amri Abedi, wa pili nyuma ya Kezilahabi. Hakuna kati yao aliye na udhuru wa walimu hao.

Mashine huzalisha hasa maandishi ya namna hii: yaliyo sahihi, yasiyo na mtu wa kuulizwa. Imeyala maneno yetu na inayarudisha yakiwa laini. Anayeandika laini tangu awali ndiye anayepaswa kuiogopa.

Linaloweza kufanywa

Walimu wa fasihi wanaweza kuanza kesho. Mwanafunzi anapoleta hadithi inayotokea “katika kijiji kimoja”, mwulize ni kijiji gani, ngalawa zinaegeshwa upande upi, nani anauza mafuta ya taa, na watu wakikasirika wanasema nini. Akijibu kwa Kikerewe, Kimakunduchi, Kingwana cha Bukavu au Sheng ya Eastlands, usimpige kalamu nyekundu kabla hujasikiliza. Sanifu ni lugha yetu sote ya kukutania, na ni hazina kubwa. Haikukusudiwa kufuta mdomo wa mtu.

Waamuzi wa tuzo nao wana wajibu. Mswada unaowaudhi lakini unajua unachokisema unastahili kusomwa mara ya pili kabla ya ule unaowafurahisha wote. Wachapishaji watoe japo kitabu kimoja kwa mwaka ambacho hakikuandikwa kwa ajili ya kamati yoyote. Najua hesabu za karatasi na uchapaji zilivyo nzito. Najua pia kwamba *Sauti ya Dhiki* na *Kichomi* vilichapishwa na kampuni zilizokuwa zikiishi kwa vitabu vya shule, na zilithubutu.

Na wewe mwenye mswada mezani, vitafute vitabu hivyo viwili. Kisome cha Abdilatif kwa sauti, kisha cha Kezilahabi, kwa mpangilio huo, katika wiki moja. Halafu rudi kwenye kazi yako na kalamu mkononi. Pitia kila ukurasa na ukate kila sentensi ambayo, ukiulizwa umeiandika kwa nini, huna jibu. Usiogope kitabu kikipungua.